Makaburi ya enzi za Victoria: nani ana jiwe, nani hana



Pesa ya korosho ikishaingia, huku kwetu Masasi, Newala na Tandahimba swali huwa moja: watoto wamefunga shule, tuwapeleke wapi? Mmoja anataja baharini Mtwara, mwingine Mikindani, mwenye uwezo anataja Zanzibar. Leo nesi wenu nataja mahali ambapo hamkupategemea. Nataja makaburini.

Msikimbie kwanza. Najua wengi tumelelewa tukiambiwa mtoto hachezi makaburini na mjamzito haendi mazikoni. Heshima ile naiheshimu. Lakini kuna makaburi ya zamani ambayo watu wanavuka bahari kuja kuyaona, na baadhi yake yana uhusiano na sisi wa huku kusini kuliko tunavyodhani. Nimegawa somo hili sehemu sita, someni kidogo kidogo mkiwa mnanyonyesha au mnasubiri ugali uive.

SEHEMU YA 1: HIVI WATU WANALIPA KIINGILIO KUONA MAKABURI?

Wanalipa, na sio wachache. London kuna makaburi yanaitwa Highgate, yalifunguliwa mwaka 1839. Malkia Victoria alitawala Uingereza kuanzia 1837 hadi 1901, kwa hiyo makaburi ya wakati huo yanaitwa ya enzi za Victoria. Mtalii anakata tiketi, anatembea chini ya miti mikubwa, anasoma mawe, anapiga picha, anarudi hotelini.

Yalianzaje? Mji wa London ulikuwa umejaa watu kupita kiasi. Wafu walizikwa kwenye viwanja vidogo vya makanisa katikati ya nyumba, mpaka nafasi ikaisha, kaburi juu ya kaburi. Kipindupindu nacho kikawa kinapita na kuondoka na maelfu. Ndipo makampuni yakanunua mashamba nje ya mji, yakapanda miti, yakachora njia, yakawauzia watu sehemu za kuzikia. Mwenye nacho akajenga kaburi kama nyumba, maskini akazikwa kwenye shimo la pamoja bila jiwe. Hilo la mwisho likumbukeni, tutalirudia.

Sasa nisikilizeni kama nesi. Mkisoma mawe ya enzi zile mtaona watoto wengi mno. Kipindi kile, Uingereza iliyokuwa tajiri kuliko nchi zote, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai takriban 150 walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Na kwetu leo? Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Tanzania wanaofariki kabla ya mwaka mmoja ni 33 kati ya 1,000. Bado ni wengi, na kila mmoja ana mama yake. Ila mnaona umbali uliotembewa? Mzungu hakuzaliwa na mwili mgumu kuliko wetu. Alichimba mitaro ya maji machafu, akapata maji safi, akachanja watoto, akanawa mikono.

Pale pale London, kwenye makaburi ya Brompton, amezikwa daktari John Snow. Ndiye aliyeonyesha mwaka 1854 kwamba kipindupindu kilikuwa kinatoka kwenye maji ya bomba moja la mtaani, wakati wakubwa wengi wa tiba wakisema kinaletwa na hewa chafu. Kila ninapowaambia mchemshe maji, maneno yale yana asili kwa yule mzee.

Na msiseme ni mambo ya Wazungu tu. Ukienda Kaole, Bagamoyo, watalii wanaonyeshwa makaburi ya mawe ya karne nyingi nyuma. Kilwa vilevile. Kwenda kusoma makaburi ni jambo letu pia, tumelisahau tu.

SEHEMU YA 2: KISIWA CHENYE MAKABURI

Ukisimama Forodhani, Unguja, ukaangalia baharini, utaona visiwa vidogo. Kimoja kinaitwa Chapwani. Wageni wanakiita Kisiwa cha Makaburi. Unakwenda kwa boti, sio mbali. Watoto watafurahi kabla hata ya kufika makaburini, maana kuna popo wengi mitini, kuna paa wadogo, na kuna kaa wakubwa wa nchi kavu wanaopanda minazi.

Makaburi yenyewe yako chini ya miti, na yalianza mwaka 1879. Wengi waliolala pale ni mabaharia wa jeshi la Uingereza. Walikuwa wanafanya nini huku? Wakati ule Waingereza walikuwa na meli ya kivita kubwa, HMS London, iliyotia nanga bandarini Unguja kama kituo. Kutoka kwenye meli hiyo vilitumwa vyombo vidogo kufukuza majahazi yaliyobeba watumwa. Sultani Barghash alikuwa ametia saini mkataba mwaka 1873 wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa bahari na kufunga soko lao, lakini magendo yaliendelea kwa miaka mingi. Nahodha wa meli ile, Charles Brownrigg, aliuawa Desemba 1881 karibu na Pemba alipolisogelea jahazi moja kulikagua. Naye yuko pale kisiwani.

Ila msidhani wote walikufa kwa mapanga na risasi. Mabaharia wa enzi zile katika nchi za joto waliuawa na maradhi kuliko vita. Vijana wa miaka ishirini na kitu, wengine hata hawajafika, homa ya siku tatu imemaliza. Simama na mwanao pale, mwambie asome umri kwa sauti. Halafu mwulize, kaka yako ana miaka mingapi?

Pale pale kuna mabaharia wa baadaye, wa meli ya HMS Pegasus, iliyopigwa na meli ya Wajerumani, Königsberg, asubuhi ya Septemba 20, 1914 ikiwa bandarini Unguja. Königsberg yenyewe ilikuja kuishia kwenye delta ya Rufiji mwaka 1915.

Ukirudi nchi kavu, panda daladala uende Mbweni, kusini mwa mji. Kuna kanisa la Mtakatifu Yohana, lilikamilika mwaka 1882, na uwanja wa makaburi pembeni. Misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu, wengine mnaijua kwa jina la UMCA, ilinunua shamba pale mwaka 1871, ikaliweka kuwa kijiji cha watu waliookolewa kwenye majahazi. Mwalimu wa shule ya wasichana pale, Bi Caroline Thackeray, alifika mwaka 1877 na akaishi Zanzibar mpaka kufa kwake mwaka 1926. Amezikwa hapo hapo Mbweni.

Mama zangu wa Masasi, hapo Mbweni ndipo hadithi inapogeuka kuwa ya kwetu.

SEHEMU YA 3: KUTOKA MBWENI MPAKA MASASI

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Zanzibar na kundi la watu kama 55, wake kwa waume, waliokuwa watumwa na sasa wako huru. Steere ndiye yule aliyeandika kitabu cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, na kazi yake ilisaidia sana kukiweka Kiswahili kwenye herufi tunazotumia leo hata kwenye simu. Wakashuka Lindi. Kutoka hapo wakatembea bara kwa miguu, zaidi ya kilomita 100. Nia ilikuwa kufika mbali zaidi, kuelekea Ziwa Nyasa, ambako wengi wao ndiko walikotekwa wakiwa wadogo.

Walipofika kwenye milima yetu ya mawe, Masasi, watu wakaona hapa panafaa. Pana maji, pana ardhi, panafanana na kwao. Wakabaki. Ndio mwanzo wa misheni ya Masasi, Novemba 1876. Ukisimama Mtandi leo, ukaliona kanisa kuu na jiwe kubwa nyuma yake, ujue walioanzisha makazi yale walikuwa watu walionunuliwa na kuuzwa kama mbuzi, wakarudi kwa miguu yao.

Katika kundi lile walikuwemo wanawake zaidi ya 20. Naomba mfikirie safari ile kama wanawake. Mzigo kichwani, pengine mimba tumboni, hakuna zahanati njiani, hakuna kadi, hakuna leba.

Halafu ukaja mwaka 1882. Mwaka huo kwa misheni ile ulikuwa kama msiba usio na tanga. Februari, padri kijana Charles Janson, ambaye naye aliwahi kufanya kazi Masasi, alikufa mara tu alipofika ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Mwishoni mwa Agosti, Askofu Steere alifariki Zanzibar akiwa na miaka 54. Alizikwa ndani ya kanisa kuu la Mkunazini, nyuma ya altare, kanisa alilolijenga mwenyewe mahali palipokuwa soko la watumwa. Mwezi haujaisha, Septemba, Wangoni waliojulikana huku kama Magwangwara wakaivamia Masasi. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Ebu fikirini, mwanamke aliyeuzwa mara moja, akaokolewa, akarudi, sasa anachukuliwa tena pamoja na mtoto wake.

Baada ya hapo kituo kikahamishiwa juu, Newala, kwa Yao wa Mtemi Matola. Kule uwandani maji yalikuwa shida, kina mama walishuka bondeni kuyafuata na kupanda nayo. Ila juu kule mtu anaona adui kabla hajafika. Kazi ya Masasi ilikuja kurudishwa baadaye, na mwaka 1905 wakati wa Majimaji misheni ikachomwa tena. Tumezikwa na kufufuka mara nyingi sisi.

SEHEMU YA 4: SOMA JIWE KAMA UNAVYOSOMA KADI YA KLINIKI

Mimi nikiona kaburi la zamani nasoma vitu vitatu: jina, umri, na mwaka. Ni kama kadi ya mgonjwa iliyofungwa. Kwa wale wa enzi za Victoria huku kwetu, mara nyingi sababu ya kifo ni neno moja, homa.

Neno homa lilibeba kila kitu, ila kwa sehemu kubwa lilikuwa malaria. Hawakujua inatoka wapi. Hata jina malaria maana yake kwa Kiitaliano ni hewa mbaya. Mpaka Agosti 1897 ndipo daktari Ronald Ross, akiwa India, alipomkuta mdudu wa malaria ndani ya tumbo la mbu. Kabla ya hapo mtu alifunga dirisha kuzuia hewa ya usiku na mbu yuko naye chumbani.

Dawa waliyokuwa nayo ilikuwa kwinini, inayotokana na gome la mti. Ilifanya kazi. Tatizo lilikuwa kuipata. Askofu wa kwanza wa misheni ile, Charles Mackenzie, alikuwa anashuka mto huko nchi ya Malawi ya leo, mtumbwi ukapinduka, dawa zote zikazama. Akaugua homa, hana cha kumeza, akafariki Januari 31, 1862. Hakukaa hata mwaka mmoja kazini. Mtu mzima, msomi wa Cambridge, kanisa zima nyuma yake, ameuawa na ukosefu wa kifurushi kimoja cha dawa.

Miezi mitatu baadaye, Aprili 27, 1862, homa ikamchukua Mary Livingstone, mke wa David Livingstone, kule Shupanga, Msumbiji. Alikuwa na miaka 41. Alizikwa karibu na mbuyu. Mary alijifungua watoto sita. Mmoja, Elizabeth, alizaliwa mwaka 1850 na kuishi wiki chache tu. Kaburi la mtoto yule liko Kolobeng, Botswana, na wageni wanaoenda kuona nyumba ya zamani ya Livingstone wanalipita. Kichanga wa wiki chache, zaidi ya miaka 170 imepita, jina lake lipo.

Wengine hata kaburi hawana. Askofu Smythies, aliyemfuata Steere, alifia melini mwaka 1894 akasukumwa baharini kama ilivyo desturi ya mabaharia. Chauncy Maples, aliyefanya kazi Masasi na Newala, alizama Ziwa Nyasa mwaka 1895 akiwa na miaka 43. Huyo mwili wake ulipatikana, akazikwa Nkhotakota. William Percival Johnson, aliyekuja Masasi na kundi lile la 1876, ndiye homa ilimshindwa. Macho yalikaribia kupofuka kabisa lakini alifanya kazi mpaka 1928, akazikwa Liuli, kandokando ya ziwa.

Kwa nini nawatajia orodha hii ya wafu? Kwa sababu kuna mama bado ananiambia, "Nesi, chandarua joto." Au anapewa vidonge vya SP kliniki anavitia kwenye pochi. Au mtoto anachemka siku tatu anapakwa mafuta na kufunikwa khanga. Mama yangu, kile chandarua unachofungia vifaranga, Askofu Mackenzie angekipata kwa bei yoyote angelipa. Kipimo cha malaria cha dakika 15 na dawa ya mseto vipo zahanati. Mtoto akichemka, usingoje kesho.

SEHEMU YA 5: WALE WASIO NA JIWE

Sasa turudi kwa yule maskini wa London aliyezikwa bila jiwe. Maana ukitembelea makaburi ukasoma majina yaliyopo tu, umesoma nusu ya kitabu.

Mfano mmoja tu. Livingstone alianzia safari yake ya mwisho Mikindani, hapa hapa Mtwara, mwaka 1866. Alifariki Mei 1, 1873, kule Zambia ya leo. Wenzake Waafrika waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miezi mingi mpaka Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Aprili akazikwa London, Westminster Abbey, mahali walipozikwa wafalme. Jiwe lake linasema aliletwa na mikono miaminifu kwa nchi kavu na bahari. Mikono! Majina ya wenye mikono hayapo.

Mmoja wao aliitwa Chuma. Alikuwa Yao, damu ya watu wa Masasi na Newala. Alikombolewa kutoka kwenye msafara wa watumwa mwaka 1861 akiwa mtoto. Ni huyo huyo Chuma aliyemwongozea Askofu Steere njia kuja huku kwetu mwaka 1876. Alifariki Zanzibar mwaka 1882, mwaka ule ule mbaya, kwa kifua kikuu, akiwa mtu wa miaka thelathini na kitu. Mamilioni ya watalii wamelikanyaga jiwe la Livingstone. Wangapi wamesikia jina la Chuma?

Nyingine. Oktoba 1917 palipiganwa vita vikali Mahiwa, karibu na Nyangao, barabara ile ile tunayopita na basi kwenda Lindi. Nyuma ya kila askari walikuwepo wapagazi waliobeba risasi na unga. Walikufa kwa kuhara, homa na njaa kwa maelfu. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi hao. Makaburi yao yako wapi? Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina, na huenda wakafika 350,000. Waliona Mwafrika haina haja aandikwe.

Mtaniambia, "Nesi, mbona wazee wetu nao hawakuweka mawe?" Swali zuri. Wazee wetu walikuwa na namna yao. Waliweka unga chini ya mti wakamwita marehemu kwa jina. Na jambo kubwa zaidi, walimpa jina lake mjukuu. Sisi Wamakonde, Wayao na Wamakua jina lilikuwa linatembea upande wa mama, na mjomba ndiye aliyelijua lilikotoka. Bibi amekufa, lakini jina lake linakimbia uwanjani na kamasi puani. Jiwe letu lilikuwa mtoto.

Lakini namna hiyo inataka ukoo uwe mzima. Mtu aliyekamatwa na miaka sita, akauzwa Kilwa, akaokolewa baharini, akapewa jina jipya Mbweni, mjomba wake ni nani? Nani atamrithisha jina? Kwa watu wale waliokuja Masasi, daftari la ubatizo na msalaba wa mti kaburini havikuwa ushamba wa kuiga Wazungu. Ndio ilikuwa namna pekee ya kusema mimi nilikuwepo.

Na kuna wengine ambao hata namna ya wazee haikuwafikia: vichanga. Mtoto akifa siku ya kwanza au ya pili, kina mama wanamzika kimya, mara nyingi bila jina, na mama anaambiwa asilie sana atapata mwingine. Nimefanya kazi wodi ya wazazi. Namjua mwanamke anayeulizwa ana watoto wangapi anajibu watatu, halafu macho yanaenda pembeni. Kwa sababu ni wanne.

Nimalizie sehemu hii na jambo la manesi. Mary Seacole alikuwa mwanamke wa Jamaika, mama yake Mwafrika wa huko, aliyewahudumia askari wa Uingereza kwenye vita vya Crimea. Alifariki London mwaka 1881. Jina la Florence Nightingale likakua duniani, la Seacole likapotea, na kaburi lake likachakaa likasahaulika. Mwaka 1973 manesi na wanawake wa Jamaika waliokuwa Uingereza walilitafuta, wakalipata, wakalitengeneza upya. Leo watu wanakwenda kulizuru. Nightingale mwenyewe hakutaka makuu; jiwe lake lina herufi mbili za jina na miaka tu. Yeye aliweza kuficha jina lake kwa sababu dunia nzima ilikuwa inalijua. Asiyejulikana hana anasa hiyo.

SEHEMU YA 6: UKIENDA NA WATOTO

Basi mkipata nafasi ya Zanzibar, nendeni Chapwani na Mbweni. Mkikosa, viunga vya misheni za zamani huku kwetu vina makaburi, na Waislamu mna makaburi ya mashehe mnaozuru. Ombeni ruhusa kwa mwenye mahali kwanza, kanisani au msikitini. Nendeni asubuhi kabla ya jua kali, viatu vya kufunika, maji ya kunywa. Msikalie kaburi, msipande juu ya jiwe kupiga picha. Mtoto akiuliza "mama, huyu yuko wapi sasa?" mjibu kwa imani yenu, bila kumtisha na mizimu. Na mjamzito anayetaka kwenda, aende taratibu. Jiwe halimdhuru mtoto tumboni. Mbu ndiye anayemdhuru.

Mwambieni kila mtoto atafute vitu viwili. Kwanza, mtu aliyekufa akiwa na umri wake au wa ndugu yake. Pili, kaburi lisilo na jina. Mkifika kwenye hilo la pili simameni kidogo, msiseme kitu. Watoto wanaelewa kuliko tunavyodhani.

Mkirudi nyumbani, kazi ndogo. Chukua daftari la kawaida la shule. Mpigie mjomba au bibi simu, au mfuate kwake. Andika majina ya wafu wenu kadiri anavyokumbuka, upande wa mama na upande wa baba: jina, mwaka kama unajulikana, mahali alipozikwa, hata kama ni "chini ya mkorosho wa pili shambani Kitangari". Waliofia mjini, waandike. Waliokufa wakijifungua, waandike. Na kama una mtoto uliyemzika hajapata jina, leo unaweza kumpa jina ukaliandika pale. Hakuna mtu wa kukukataza, na hakuna tarehe ya mwisho.

Walio hai nao msiwaache. Mtoto wa chini ya miaka mitano ambaye hana cheti cha kuzaliwa, nenda ofisi ya kata au kituo cha afya kilicho karibu ukaulize. Jina lililoandikwa mapema halina shida ya kutafutwa baadaye.

Daftari lenyewe lifungwe kwenye mfuko wa nailoni, mchwa wa huku mnawajua. Liweke pamoja na kadi za kliniki.

Ambaye bibi yake bado anakumbuka, aanze kesho asubuhi. Bibi hasubiri msimu ujao wa korosho.